Waraka kwa Bwana Meneja wa Mauzo Kuhusu Injini na Vioo

Bwana Meneja,

Naomba uniwie radhi kwa kukupotezea muda. Najua ulivyo adimu. Kila nilipopiga simu ofisini kwako nimejibiwa kwa sauti tamu kwamba Bwana Meneja yumo mkutanoni, nami nimekuwa nikikata simu kwa fahari, maana ofisi inayokutana kiasi hicho haiwezi kukosa jambo kubwa inalolishughulikia. Waraka hauna haraka. Utalala mezani pako hadi mikutano iishe.

Jina lako sitalitaja, wala la kampuni yako, wala la pikapu uliyoniuzia. Wauzaji wa pikapu nchini ni wengi, na nisingependa mtu mwingine apewe sifa zako kwa bahati mbaya.

Bila shaka unaikumbuka siku ile ya maonyesho mjini Migori. Ulikuja na pikapu mbili nyeupe za kebini mbili, zimeoshwa hata vumbi la barabara ya Isebania likaona haya kuzigusa. Ulinipokea kwa mikono miwili, ukaniita jaduong', yaani mzee, kwa matamshi ambayo jirani yangu wa Kendu Bay aliyasifu mbele za watu. Uliniuliza napenda rangi gani. Uliniuliza kama ningelipa taslimu au kwa mkopo wa benki, ukaonyesha subira kubwa nilipokuwa nikifikiri. Uliniuliza hata kama mama watoto angependa viti vya ngozi. Yote yalikuwa maswali ya mtu mwenye adabu. Moja tu halikupata nafasi, nalo ni hili: jaduong' huyu hubeba nini. Wazee husema kuuliza si ujinga. Nadhani kwa elimu uliyo nayo uliona hata haja ya kuuliza haipo.

Basi niruhusu nilijibu hilo ambalo halikuulizwa, ili ulihifadhi kwa ajili ya mteja atakayekuja baada yangu.

Mimi hubeba samaki wa namna mbili. Omena hutoka Sori na Muhuru Bay, wameshakauka, wametiwa kwenye magunia. Gunia la omena ni jepesi kwa umbo lake, kwa hiyo hatupakii kwa uzito, tunapakia kwa nafasi: magunia hupanda hadi juu ya kebini na kutokeza pande zote mbili za bodi. Mbuta ni kinyume chake. Huyo hutoka Mbita na Sindo akiwa katikati ya barafu, ndani ya masanduku. Mzigo ni mdogo kwa macho na mzito kwa springi, na sharti ufike kabla barafu haijawa maji. Kisha kuna trela ninalolivuta mara kwa mara kupeleka fremu za vizimba vya kufugia ngege, fremu ambazo ni pana kuliko gari lenyewe. Kwa ufupi, mbuta anataka injini, na omena anataka vioo. Ungeniuliza, ningekujibu kwa maneno hayo machache, nawe ungewahi kurudi Nairobi kabla ya giza.

Nianze na injini, kwa kuwa ndiyo uliyoisifu zaidi.

Katika kijitabu chako cha rangi mlikuwa na injini mbili za dizeli, ndogo na kubwa, kila moja na kisanduku cha kutia alama. Nilitia alama kwenye kubwa. Ulinipongeza mbele ya watu kwa kuchagua kama mtu anayeijua kazi yake. Ukasema, na sina haja ya kukukumbusha maana kumbukumbu yako inasifika, kwamba injini nitakayoitia alama ndiyo itakayokuja. Gari lilipowasili, lilikuja na ile ndogo. Kijana wako aliyelileta alinieleza kwa upole kwamba ndogo ndiyo iliyokuwapo yadini, na kwamba isitoshe, ndiyo inayofaa zaidi hali ya hewa ya ziwani.

Hilo la hali ya hewa lilinifurahisha, nikaona kampuni inatujali hadi hewa tunayovuta. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nikitoka Homa Bay na mbuta, napanda hadi Rongo, kisha napanda tena hadi Kisii, ambayo iko takriban mita 1,700. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo hata ufukweni kwetu injini tayari imo mlimani, ijapokuwa inaona maji. Kijana wako alifanya vyema kuitaja hali ya hewa. Ila ilikuwa hoja yangu, naye akaitumia kama yake.

Nisije nikaonekana naidharau injini ndogo. Pale Homa Bay wazee wenzangu hubishana jioni baada ya jioni kuhusu Land Cruiser ya zamani, ile pikapu ya 79 yenye injini ya 1HZ, ya silinda sita, lita 4.2, bila turbo, injini iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Wanaiapia. Karatasi lakini zinasema nguvu yake ya kuvuta ni Newton-mita 285, ilhali Hilux yenye injini ya lita 2.4 tu hufikisha 400 kwa msaada wa turbo. Turbo huisukumia injini hewa ambayo mlima umeinyima, ndiyo maana kilima cha Kisii hakiitishi sana. Mtu akiniambia kwamba mdogo wa leo anamshinda mkubwa wa jana, nitamkubalia na kumnunulia chai. Wewe hukuniambia hivyo. Uliniambia kubwa, ukaniandikia kubwa, ukanilipisha kubwa.

Kuna jambo dogo nililoligundua baadaye, nilipovaa miwani. Katika kijitabu chako nguvu ya kuvuta imeandikwa kwa tarakimu nyekundu zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za unyenyekevu mkubwa, pameandikwa kwamba tarakimu hizo ni za gari la gia otomatiki. La gia za mkono lina pungufu. Si ajabu wala si kosa la kiwanda. Hata Hilux ya lita 2.8, tangu ilipoboreshwa mwaka 2020, ina Newton-mita 500 ikiwa otomatiki na 420 ikiwa ya gia za mkono, na injini ni ile ile. Hiyo ni elimu nzuri sana, na naamini mnunuzi wa Migori anaweza kuielewa akiipata kabla ya kutia sahihi.

Basi hali yangu leo ni hii: nina injini ndogo, ya gia za mkono, kwa bei ya injini kubwa. Ankara yako inasema kubwa. Hati ya usajili ya NTSA inasema ndogo. Sina shaka ni serikali iliyohesabu vibaya, na nangoja kwa hamu siku utakapoiandikia uisahihishe.

Ahadi ya kichujio nayo naikumbuka, kwa kuwa uliitoa bila kuombwa, na ukarimu wa namna hiyo hausahauliki. Ulisema kutafungwa kichujio cha ziada cha kutenga maji na dizeli, kwa sababu ya barabara zetu na vituo vyetu. Ulikuwa na haki. Tangu Januari 2015 dizeli halali nchini haitakiwi kuzidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, na mwaka 2018 serikali ikayatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita ili wanaochanganya wakose faida. Hatua njema zote mbili. Lakini huko Nyatike, kituo kikiwa mbali, dizeli huja kwa mtungi, na aliyeujaza mtungi huwa ameshaenda zake. Injini ya 1HZ ingekohoa na kuendelea; pampu yake ni ya vyuma vitupu, haina kompyuta ya kuchukizwa. Injini za sasa hupuliza dizeli kwa shinikizo linalozidi baa 1,000, kupitia vitundu ambavyo jicho haliwezi kuvikagua, na maji kidogo yanatosha kuziharibu nozeli zote. Kichujio hakikuja. Kilichokuja ni kibandiko cha dirishani chenye nambari ya huduma kwa wateja. Nimekibandika. Ndiyo nambari inayoniambia kwamba uko mkutanoni.

Sasa vioo, Bwana Meneja. Hapa naomba uvute kiti.

Uliniahidi vioo vya mikono mirefu, vile vya magari ya kuvuta trela. Ulivichora kwa kalamu nyuma ya kadi yako: mkono unaovutwa kwenda nje mzigo ukiwa mpana, kioo kikubwa bapa juu, na chini yake kioo kidogo chenye mbinuko. Ukanieleza, tena vizuri kuliko mwalimu, kwamba kioo bapa huonyesha umbali wa kweli lakini sehemu ndogo, na chenye mbinuko huonyesha sehemu kubwa lakini hukifanya kila kitu kionekane kidogo na mbali kuliko kilivyo. Ndiyo maana dereva wa trela huhitaji vyote viwili. Mchoro ni mzuri na kadi ninayo. Hadi leo ndivyo vioo pekee vya aina hiyo nilivyopokea kutoka kwako.

Vilivyokuja na gari ni vioo vya kumeremeta. Vinajikunja kwa kubonyeza kitufe. Vina taa ya kuonyesha unakokata kona. Vina taa nyingine inayomulika ardhi usiku mtu akishuka, na kwa hiyo nimeyaona matope ya Sindo kwa uwazi ambao sikuwahi kuupata. Vina hata waya wa joto wa kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye kioo. Nimelitafakari sana hilo la barafu. Barafu pekee tunayoijua Homa Bay imo ndani ya masanduku ya mbuta, na hiyo tungependa mtusaidie isiyeyuke. (Kwa haki, waya huo hukausha ukungu wakati wa mvua. Namshukuru aliyeubuni, popote alipo.)

Kitu kimoja vioo hivyo haviwezi, nacho ni kuona nyuma. Gari likiwa tupu, vinaona. Likipakiwa omena, naangalia kioo cha kushoto naona gunia. Naona nyuzi za gunia moja moja, naona mshono, naona na maandishi ya kiwanda cha sukari kilicholitumia kabla halijawa letu. Kioo cha ndani kinanionyesha gunia jingine. Hapo ndipo ninapotakiwa kukata kona kushoto kuingia sokoni Migori, saa ambayo waendeshaji bodaboda wote wa mji wamekubaliana kupita kushoto kwangu. Nafungua dirisha, namtuma kijana wangu achungulie upande wake, anaita, nakata. Ndivyo tunavyoendesha gari la kisasa lenye vioo vyenye joto. Nakuandikia haya bila uchungu, maana hajaumia mtu, na hilo ni kwa hisani ya kijana wangu na shingo yake.

Nikivuta trela mambo yanakuwa mazuri zaidi. Fremu ya kizimba hutokeza kila upande, kwa hiyo sehemu ninayotaka kuiona, pale tairi la trela linapokutana na ukingo wa barabara, ndiyo hasa isiyoonekana. Barabara yenye udongo mweusi haina msamaha kwa tairi linaloteleza nje. Likizama, siku imekwisha. Mkono unaorefuka kwa kiasi cha kiganja tu ungemaliza shida hiyo. Kiganja kimoja, Bwana Meneja. Nimekipima kwa kutumia mchoro wako.

Kisha kuna Awendo. Ukipita huko msimu wa kuvuna miwa utaikuta trekta inavuta matrela, na miwa imetokeza kila upande kana kwamba inatafuta mtu wa kumsalimu. Dereva mwenye kioo cha bawaba ya chuma akiguswa na muwa, kioo hujikunja, anashuka, anakirudisha kwa mkono, anaendelea na safari. Changu kina mota. Kiliguswa, kikajikunja kwa heshima, na tangu hapo kinajikunja kila kinapoamua chenyewe, hata nikiwa mwendoni. Ofisi yako ilinijibu kwamba mota haiuzwi peke yake. Huuzwa kioo kizima, pamoja na taa zake mbili na waya wake wa joto. Mtu akivunjika kidole, huko kwenu hununuliwa mkono.

Wala siwezi kuviuza hivi nilivyo navyo nikanunua vingine, kwa sababu mliniongezea zawadi. Kwa kuwa Nairobi vioo vya pembeni huibwa kwenye foleni na kuonekana baadaye vikiuzwa, mlinichongea nambari ya usajili wa gari juu ya kila kioo, bure kabisa. Nashukuru kwa kunikinga na wezi wa jiji ambalo gari langu hulipitia kwa nadra. Vioo visivyonifaa sasa ni vyangu milele, na vimeandikwa hivyo.

Niliposisitiza, ulinitumia ujumbe kwamba vioo virefu vinatoka nje na vinangoja meli. Niliupokea kwa imani. Nchi hii imekuwa ikiunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa tangu miaka ya 1970. Baba zetu waliendesha Peugeot 504 zilizounganishwa humu humu, wakabebea pamba na samaki. Sikuona ugumu kuamini kwamba vioo viwili na mikono yake ndivyo vilivyotushinda kama taifa. Meli hiyo, kwa kadiri ninavyoelewa, bado iko safarini. Nawaombea mabaharia wake.

Badala yake ilikuja jozi mbadala, na sharti niseme ukweli: mikono yake ilikuwa mirefu. Moyo ulinidunda. Fundi wako akaifunga, nikakaa kwenye usukani, na nilipoangalia kioo cha kulia, cha upande wangu dereva, nikakuta kimeandikwa onyo la Kiingereza kwamba vitu vilivyomo viko karibu kuliko vinavyoonekana. Ilikuwa jozi ya gari la Marekani. Kule usukani uko kushoto, na sheria yao inataka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa, chenye mbinuko kiende kwa abiria pamoja na onyo lake. Mlipoileta kwetu, kila kitu kiligeuka: mimi dereva nikapata kioo cha abiria, na upande wa kushoto, wanakopita bodaboda, kukawa na kioo bapa kinachoona sehemu nyembamba tu. Hata kukizungusha kunielekea hakikufika. Fundi wako aliniambia nitazoea.

Mmarekani ninamwonea wivu kwa jambo moja tu. Mnunuzi wa Ford F-150 ya mwaka 2018 aliweza kuchagua injini ya V6 ya lita 3.3, au za turbo za lita 2.7 na 3.5, au V8 ya lita 5.0, au dizeli ya lita 3.0, kisha akachagua vioo virefu vya kuvuta trela, na kilichoandikwa ndicho kilichofika. Gari lenyewe silitaki. Lina upana unaozidi mita mbili kabla ya kuhesabu vioo, na sheria zetu za trafiki haziruhusu usukani wa kushoto kusajiliwa ila kwa shughuli maalumu. Ninalotaka ni lile neno: kilichoandikwa ndicho kilichofika. Na kwa vile magari yaliyotumika zaidi ya miaka 8 hayaingizwi nchini, na pikapu nzuri zilizo chini ya umri huo ni chache, mtu wa kazi hana budi kuja kwako. Unalijua hilo. Sijui kama ni heri kulijua kiasi hicho.

Mwishowe nilikwenda kwa fundi wa jua kali mjini Migori. Alichukua vipande vya chuma bapa, akavikata, akavitoboa, akavichomea, akavipaka rangi nyeusi, akafunga juu yake vioo vya lori kuukuu. Havimeremeti. Havina joto. Nikipakia omena navivuta nje kwa mkono, nikimaliza navisukuma ndani, na bodaboda naziona zote, hata zile ambazo ningependa nisizione. Kazi hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko ulionichukua mimi kufikishwa kwa katibu muhtasi wako.

Na hapo, Bwana Meneja, ndipo ofisi yako iliponijibu kwa kasi ambayo sikuwahi kuijua. Barua ilifika mara moja, yenye nembo, ikinitahadharisha kwamba kufunga vioo visivyo vya kampuni kunaweza kubatilisha waranti. Nilijifunza siku hiyo kwamba ahadi zetu ni za pande mbili, ila yangu ndiyo inayodaiwa. Niliisoma barua mara mbili nikitafuta panapotajwa injini, kichujio, au mchoro wa kadi. Karatasi ilikuwa fupi, haikutosha.

Kuhusu mafundi ambao uliahidi wangekuja Homa Bay kulihudumia gari nisije nikalazimika kulipeleka mbali, sitasema mengi. Wakija, chakula kipo.

Ninaelewa vizuri kwa nini gari langu lilitoka vile. Agosti 2025, Homa Bay ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la Ugatuzi, niliziona pikapu za kebini mbili mjini kwetu, zina vioo vya kumeremeta vinavyojikunja vyenyewe mbele ya hoteli. Zilikuwa zinafaa kabisa. Waliozipanda walibeba mikoba. Naamini yadini kwako magari huagizwa kwa kuwafikiria wao, kisha lililobaki linaoshwa na kuletwa Migori, likasifiwa kwa Kijaluo kidogo. Silaumu; biashara ni biashara. Nasema tu kwamba hao hununua kwa fedha za ofisi, nasi hununua kwa fedha za samaki, na bei kwenye kijitabu ni moja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote uliyokwisha kuyakubali kwa kinywa chako. Niletee vioo viwili vya mikono mirefu, vya gari la usukani wa kulia, kama ulivyovichora. Niletee kichujio cha kutenga maji na fundi wa kukifunga. Na unirudishie tofauti ya bei kati ya injini niliyoilipia na injini niliyo nayo. Hesabu ziko kwenye ankara yako na hati ya usajili, wala hazihitaji mkutano. Ikiwa lolote kati ya hayo haliwezekani, naomba uniandikie kwamba haliwezekani, kwa barua yenye nembo kama ile ya waranti na sahihi yako chini yake, ili nijue mahali pa kuipeleka.

Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi mwisho wa Julai kila mwaka. Kipindi hicho pikapu itakuwa na nafasi ya kushinda kwa fundi wako hata wiki nzima. Agosti mosi tunaanza kupakia tena Muhuru Bay, na gari lazima liwe tayari siku hiyo.

Wako mtiifu,
Mteja wako wa Migori na Homa Bay